Pombe Iulizwe Kama Presha

Ukiingia kituo chochote cha afya huku kwetu Kilimanjaro, mara nyingi kabla hujafika kwa daktari utakuwa umeshapimwa presha. Umekuja na kikohozi, umekuja na mguu ulioteguka, umekuja kwa jambo lako lingine kabisa, mkono utafungwa ule mkanda na namba zitaandikwa. Hakuna anayeuliza, "Mbona mnanipima mimi, kwani nimesema naumwa presha?" Watu wamezoea. Na kwa sababu wamezoea, wengi wamegundulika wakiwa bado wanatembea na kulima, kiharusi hakijawafikia.

Ninachokitaka, na wenzangu kwenye kikao cha asubuhi wameshanijua kwa hilo, ni pombe iulizwe hivyohivyo. Aulizwe kila mtu mzima, bila kuchagua sura, kwa maneno yaleyale, na aulizwe mapema.

Mimi ni tabibu. Kituo ninachofanyia kazi kiko kwenye miteremko juu ya mji wa Moshi, katikati ya migomba, mahali ambapo huwezi kutembea nusu saa bila kupita kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Ninavyoona, sehemu nyingi pombe tunaiuliza kwa pua. Mgonjwa akinuka, anaulizwa, tena kwa sauti ya kumgombeza. Asiponuka, kwenye kumbukumbu zake panaandikwa "hanywi" au hapaandikwi kitu. Utaratibu huu unaumiza pande mbili. Yule anayenuka anaaibishwa mbele ya watu, na mwezi ujao harudi kuchukua dawa zake. Na wale wasionuka, ambao ndio wengi, wanatupita: mama wa duka anayekunywa akishafunga, mwalimu anayejaza wikiendi nzima, mzee anayekwenda kilabuni saa kumi na kurudi saa mbili kila siku ya Mungu, dereva anayekunywa siku ya mapumziko tu lakini siku hiyo anakunywa za wiki nzima.

Nikupe mfano wa mzee mmoja mstaafu, ambaye nimebadilisha mambo kadhaa yanayomhusu ili asijulikane. Anakuja kliniki ya presha na koti lake, kofia mkononi, kadi ameikunja kwenye mfuko wa nailoni. Presha haishuki. Dawa ya kwanza, haishuki. Ya pili ikaongezwa, bado. Kadi inasema hanywi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, mzee. Kuna maswali machache tunamuuliza kila anayeingia chumba hiki, wanaume kwa wanawake, walokole na wasio walokole. Naomba na wewe nikuulize. Kwa wiki ya kawaida, ni siku ngapi unatumia kinywaji chochote chenye kilevi? Bia, mbege, konyagi, wine, chochote."

"Aah, bia niliacha nilipostaafu. Bei."

"Na mbege?"

"Mbege ni ile ya jioni tu, tukikaa na wazee wenzangu. Ile si ya kulewa."

"Ni kila jioni?"

"Labda Ijumaa Kuu ndiyo siendi."

"Na mkikaa, mpaka unanyanyuka unakuwa umemaliza kama kiasi gani?"

Akatazama dari akihesabu. Lita mbili, akasema, siku nyingine zaidi kidogo kama kuna mgeni.

Wala hakuwa ameficha. Aliwahi kuulizwa kama anakunywa pombe, na kwa hesabu zake pombe ni ile inayolewesha na kugombanisha watu. Kinywaji cha jioni na wazee wenzake ni sehemu ya siku, kama chai ya asubuhi. Kwa hiyo alijibu ukweli wake, na sisi tukaandika uongo.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa na faida. Shirika la Afya Duniani linatumia kipimo kimoja cha kinywaji chenye gramu 10 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, maana yake chupa moja ni vipimo viwili, siyo kimoja kama wengi wanavyodhani. Konyagi ina asilimia 35. Mililita 200 zake ni gramu 55, vipimo vitano na nusu, na wapo wanaozimaliza wakiwa wamesimama kaunta. Mbege haina lebo. Ya mama huyu siyo ya mama yule. Inategemea ndizi zilivyoiva, ulezi uliowekwa, magome ya mti wa msesewe, na imekaa siku ngapi. Lakini tukiichukulia kuwa asilimia 4, lita moja ina gramu zaidi ya 30, yaani vipimo vitatu. Mzee wangu alikuwa anakunywa vipimo sita na ushee kila siku. Pombe ya kiasi hicho inapandisha presha, na inapandisha hata kwa mtu ambaye hajawahi kuyumba wala kumtukana mtu.

Ndiyo maana nasisitiza tuulize kwa vyombo. Chupa ngapi, lita ngapi, kata ngapi za mbege, kichupa kikubwa au kidogo. Ukimuuliza mtu wa huku amekunywa "vipimo" vingapi atakutazama tu. Mwache akwambie kwa chombo anachokijua, hesabu ya gramu fanya wewe.

Maswali yenyewe yapo tayari, hatuna haja ya kuyabuni. Shirika la Afya Duniani lilitoa dodoso linaloitwa AUDIT mwaka 1989, baada ya kulifanyia kazi na wagonjwa wa nchi sita, na Kenya ilikuwemo. Lina maswali kumi, kila moja lina alama kuanzia sifuri mpaka nne, jumla arobaini. Kuanzia alama 8 mtu yuko kwenye unywaji wa hatari. 16 mpaka 19 anahitaji kukaa naye zaidi na kumfuatilia. 20 kwenda juu yaelekea ameshafungwa na pombe na anahitaji mtaalamu. Hapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, AUDIT ya Kiswahili imeshafanyiwa utafiti kwa majeruhi wanaoletwa idara ya dharura, na hapohapo umefanyiwa majaribio ushauri mfupi uliopewa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Kwa hiyo mtu asiniambie haya ni mambo ya Ulaya.

Kumi ni mengi kwa siku ya Jumatatu yenye foleni mpaka getini, najua. Basi yaulizwe matatu ya kwanza: unakunywa mara ngapi, siku ukinywa unakunywa kiasi gani, na ni mara ngapi unafikisha vipimo sita au zaidi kwa mkao mmoja. Muuguzi anayepima presha anaweza kuyauliza baada ya kufungua mkanda, akiwa anaandika namba. (Asiulize mashine ikiwa inapima; kuongea kunapandisha presha, tutadanganyana.) Alama zikiwa juu, ndipo tabibu anamalizia maswali saba yaliyobaki ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Wapo wanaopendelea yale maswali manne ya zamani yaliyochapishwa Marekani mwaka 1984: umewahi kuona upunguze, umewahi kukerwa na watu wanaokusema, umewahi kujisikia vibaya kwa sababu ya kunywa, umewahi kuzimua asubuhi. Yamewahi kutumika hata kwenye utafiti hapa Moshi. Ni mafupi na yanakaa kichwani. Lakini ukiyaangalia, yanamkamata mtu ambaye ameshaanza kuharibikiwa. Mzee wangu hakuna aliyemsema, hajisikii vibaya, na asubuhi anakunywa chai. Angepata sifuri. Mimi namtaka yeye, huyu ambaye bado hana tatizo analoliona, kwa sababu ndiye anayeweza kupunguza bila kulazwa popote.

Sasa, ukishajua, unasema nini? Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunasema, "Acha pombe." Maneno mawili, tumemaliza, mwingine aingie. Kwa Mchaga, mbege ipo kwenye mahari, ipo kwenye msiba, ipo watu waliogombana wanapopatanishwa. Kata inapokuzungukia, kuikataa ni kumkataa aliyekupa. Mtu akiambiwa aache, anasikia kwamba anaambiwa ajitenge na ukoo, na anachofanya ni kukubali kwa kichwa na kuondoka.

Ninachofanya ni kumwambia mtu alama zake na maana yake, kisha nahusisha na kilichomleta: presha, kisukari, tumbo linalowaka moto, usingizi, pikipiki aliyoanguka nayo. Halafu namuuliza yeye anaonaje. Nikishamuuliza, nanyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kwa mtu aliyevaa koti jeupe, lakini mgonjwa akipewa nafasi hujitafutia njia mwenyewe, na njia yake huwa bora kuliko yangu. Mzee alisema Jumatatu mpaka Alhamisi atakuwa anapitia shambani kwanza, akifika kilabuni wenzake watakuwa wameshakunywa sana, yeye atachukua lita moja waondoke wote. Nisingeweza kulibuni hilo. Dawa ya tatu ya presha hatukuiongeza.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba mazungumzo ya dakika tano ni muujiza. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 69 ya ushauri mfupi wa namna hii, mengi ya nchi tajiri, wakakuta kwamba baada ya mwaka waliopewa ushauri walikuwa wanakunywa pungufu kwa karibu gramu 20 kwa wiki. Hiyo ni bia moja kwa wiki. Kwa mtu mmoja utaona ni kidogo sana. Kwa kata nzima, kwa presha zote, kwa bodaboda wote wanaoshuka barabara ya lami usiku, mimi naona ni kikubwa, na gharama yake ni karatasi na kalamu.

Kwenye dirisha la dawa kuna jambo lingine ambalo bila kuuliza hulijui. Mgonjwa anakabidhiwa dawa, anauliza kwa sauti ya chini, "Hizi mtu anaruhusiwa kunywa?" Anajibiwa kwa mkato, "Hairuhusiwi." Kwa metronidazo jibu hilo ndilo tunalofundisha. Lakini mgonjwa wa presha, au anayetumia ARV, akijibiwa hivyohivyo, anachofanya Jumamosi ni kuacha vidonge, siyo bia. Anasubiri pombe iishe mwilini ndipo arudi kwenye dawa. Kuna watu wanaruka dozi kila mwisho wa wiki kwa utii kabisa, wakiamini wanafuata masharti. Mtu huyu anatakiwa kuambiwa kinyume: punguza kinywaji, ila kidonge usikiruke hata ukiwa umekunywa. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu tunaongea kwa ukali zaidi, maana dawa zake, isoniazidi na pirazinamidi, zinalemea ini na pombe inalemea ini hilohilo. Tunakaa jirani na Kibong'oto, hospitali inayotibu kifua kikuu tangu mwaka 1926. Haifai mgonjwa amalize miezi yake ya dawa bila mtu kumuuliza anakunywa kiasi gani.

Na kuna wale ambao neno "acha leo" linaweza kuwaua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla, ndani ya saa chache mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakimbia. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuanza kuona wadudu ukutani na kuongea na watu wasiokuwepo. Huyu nimemwona wodini mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka: kijana amevunjika mguu, amelazwa, hakuna aliyemuuliza, na kitandani hakuna gongo. Usiku wa pili anang'oa mpira wa dripu. Ndugu wanasema amerogwa njiani. Mwingine anasema malaria imepanda kichwani, anawekewa dawa ya malaria. Mama yake amekaa chini ya kitanda na chupa ya uji, anaomba rozari, na jibu la yote lilikuwa kwenye swali moja la mapokezi. Tukijua siku ya kwanza, diazepamu ya kumtuliza ipo, vitamini B1 ya sindano inatolewa kabla ya maji ya glukosi, na kijana anapita salama. Kwa ajili ya huyu peke yake ningeendelea kupiga kelele.

Watu huniuliza kuhusu bangi, mirungi na unga. Kwa nini nisiulize vyote kwa pamoja? Kuna dodoso la kufanya hivyo, linaitwa ASSIST, nalo ni la Shirika la Afya Duniani, lina maswali manane na linagusa makundi kumi ya vileo kuanzia tumbaku. Ni zuri. Lakini msimamo wangu hapa ni tofauti kidogo, na najua kuna wenzangu hawakubaliani nami. Ushahidi wa ushauri mfupi kwa pombe upo. Kwa dawa za kulevya, majaribio mawili makubwa ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuona ukipunguza matumizi. Na hata jopo la kule linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga, lilipokubali mwaka 2020 watu wazima waulizwe kuhusu dawa za kulevya, liliweka sharti: pale ambapo matibabu yanaweza kupatikana. Kumuuliza mtu kuhusu heroini kisha kumwambia "haya, nenda" ni kumvua nguo na kumwacha barabarani. Methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, Tanzania Bara ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na huduma imekuwa ikisogezwa mikoani, lakini kutoka kwenye zahanati ya mlimani mpaka kwenye dirisha la methadoni ni safari ya kila siku, na mtu hana nauli.

Halafu kuna hofu. Bangi na mirungi ni kosa kisheria kwetu. Mirungi ikivuka mpaka wa Holili kuja huku inakuwa jinai, wakati upande wa Taveta, Kenya, inauzwa mezani. Dereva wa lori anayetafuna ili asilale hawezi kukwambia ukiwa umeshika kitabu kikubwa kinachofanana na cha polisi. Kwa hiyo mimi naanza na pombe kwa kila mtu. Nikishaona mtu amekaa vizuri kitini, ndipo nauliza kwa upole kama kuna kitu kingine kinachomsaidia kukesha, au kulala, na namweleza mapema kwamba jibu lake ni la matibabu. Hapo ndipo unasikia pia vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa duka la dawa bila cheti, na hivyo ninavijali kuliko bangi ya mara mojamoja, kwa sababu ukivichanganya na konyagi mtu anaweza asiamke.

Usiri unahitaji mambo madogo tu. Chumba chenye meza mbili na wagonjwa wawili si mahali pa swali hili. Mke anayesimama nyuma ya mume na kujibu badala yake anaombwa kwa heshima, "Mama, naomba utusubiri hapo nje kidogo." Kwenye kitabu wengine wanaandika "MLEVI" kwa herufi kubwa mpaka anayefuata anasoma. Iandikwe alama, basi. Namba 17 haimwaibishi mtu.

Wanawake ndio tunaowaonea aibu zaidi kuwauliza, na hilo linawagharimu. Mwanamke anayekunywa huku kwetu anasemwa vibaya kuliko mwanamume, kwa hiyo anajificha zaidi, na mwili wake unaumizwa na kiasi kidogo kuliko cha mwanamume. Kliniki ya wajawazito tunapima damu, mkojo, virusi, kaswende, urefu wa tumbo. Pombe inapitwa kwa sababu muuguzi anaona kama anamtukana mama wa watu. Ukiuliza kila mjamzito, kwa sauti ileile unayomuulizia kama anatumia vidonge vya madini ya chuma, hakuna anayetukanwa. Wapo watakaokwambia bibi alisema mbege inaongeza maziwa na damu. Usimkebehi bibi. Mwambie mama mtori wa bibi aendelee nao, nyama aendelee nayo, mbege aiache mpaka mtoto azaliwe na amalize kunyonya, kwa sababu kilevi kinapita kondo moja kwa moja mpaka kwa mtoto na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake.

Kinachonishughulisha kwa sasa ni kalenda. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, kila boma lina ng'ombe, ndafu, mbege na makreti ya bia, na Januari sisi ndio tunaopokea vidole vya gauti, tumbo la kongosho, presha zilizopaa na mifupa ya waliogongana barabara ya Himo. Januari ni kuchelewa. Wagonjwa wetu wa presha na kisukari wanapita kliniki Novemba kuchukua dawa zao za mwisho wa mwaka. Wakati huo nataka kila mmoja awe ameulizwa yale matatu, alama ziwe kwenye kadi, na yule aliyemalizia yote kumi akafikisha 8 kwenda juu aondoke amepanga mwenyewe sikukuu yake itakuwaje: siku zipi atakunywa na zipi hapana, nani atashika usukani, na vidonge vitakaa mfuko gani siku ya kwenda ukweni. Nimeshaomba chumba cha chanjo kwa siku za Jumanne, kwa sababu kina mlango unaofungika.